Uchochoro wenye picha: nani anunue rangi, nani alipe ufagio?

BEI ya ukuta katika miji ya Mkoa wa Mara hutegemea upande unaotazama. Ukuta wa duka unaotazama barabara ya Mukendo mjini Musoma, au ule unaotazama barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari pale Bunda, hauhitaji kutafutiwa mteja. Makampuni ya soda, saruji, sabuni na simu huufuata yenyewe, mafundi wake wakiwa na ndoo za rangi mkononi na ngazi begani. Ukuta wa nyuma wa duka lile lile, unaotazama uchochoro, hauna bei. Huko hurundikwa maboksi, hupita maji ya kuoshea vyombo, na giza likiingia watu hugeuza mahali hapo msala.

Umbali kati ya kuta hizo mbili ni urefu wa duka lenyewe tu, pengine mita kumi au kumi na tano. Hata hivyo mmoja ni mali na mwingine ni mzigo. Miji kadhaa duniani imejaribu kuugeuza huo wa pili uwe mali kwa kuweka picha, sanamu na taa katika vichochoro vilivyosahauliwa. Maelezo ya kazi hiyo kwa kawaida huandikwa na watu wa sanaa, na huishia kwenye uzuri. Mwenye duka wa Musoma au Bunda anahitaji kujua mambo mengine mawili kwanza, yaani ni kiasi gani na nani atalipa.

Vichochoro vyenyewe havikuzuka kwa bahati mbaya. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki iliyopimwa enzi ya Waingereza, safu mbili za maduka ziliachiwa njia nyembamba katikati ya migongo yake. Kazi ya njia hiyo ilikuwa kumpitisha mtu wa kuzoa ndoo za choo bila kupita mbele ya wateja. Vyoo vya maji na mashimo ya karo vilipoingia, njia zilibaki bila kazi, na kitu kisicho na kazi hakina msimamizi. Mwenye duka husema ni ya halmashauri. Halmashauri nayo, ikiwa na barabara, masoko na madampo ya kuhudumia, huiweka mwisho wa orodha. Hapo ndipo tatizo lilipo, na rangi haiwezi kulifunika.

Jinsi ukuta wa mbele ulivyouzwa

Kabla ya kuzungumzia ukuta wa nyuma, inafaa kutazama biashara ya ukuta wa mbele ilivyokwenda, kwa kuwa wenye nyumba wengi walijifunza huko tabia ambayo sasa inawagharimu.

Makampuni ya simu za mkononi yalipoanza kupanuka nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaligundua kwamba kupaka duka zima rangi ya kampuni ni rahisi kuliko kusimamisha bango la chuma. Celtel ilianza biashara Tanzania mwaka 2001. Mwaka 2008 jina likabadilika kuwa Zain, na mwaka 2010 likawa Airtel. Kuta zikapakwa upya kila mara, ukuta mmoja majina matatu ndani ya miaka kumi. Mobitel ikageuka Tigo, na mwishoni mwa 2024 Tigo nayo ikawa Yas. Kila jina jipya lilikuwa na maana ya maelfu ya lita za rangi na siku nyingi za kibarua.

Katika mapatano mengi ya aina hiyo mwenye duka mdogo hupewa rangi ya bure, na mara nyingine fulana na mwavuli. Yeye hutoa sura ya jengo lake kwa miaka. Kibiashara hayo si mapatano sawa. Kampuni hupata tangazo la mita za mraba thelathini au arobaini linalotazama barabara usiku na mchana, nalo hulipia vifaa na kibarua tu. Mwenye nyumba huhesabu kile alichookoa kwa kutonunua rangi na kuona amepata. Hajiulizi ukuta huo ungekodishwa kwa kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukuta hukodishwa.

Tabia hiyo ikihamia kwenye uchochoro, matokeo yanajulikana mapema. Kampuni itatoa ndoo chache, itaweka nembo yake katikati ya picha, itapiga picha siku ya uzinduzi na kuondoka.

Hesabu ya uchochoro mmoja

Ili jambo hili lisibaki maneno, hesabu ifuatayo inachukua uchochoro wa kawaida wa mjini wenye urefu wa mita 40, kuta za kimo cha mita 3 pande zote mbili, na maduka 12 yanayoupa mgongo. Bei zilizotumika ni za kufanyia hesabu tu. Kila msomaji anaweza kuziondoa na kuweka za duka la vifaa la mtaani kwake, kwa kuwa kinachotafutwa hapa ni uwiano.

Kuta zote mbili zina mita za mraba 240. Ukitoa milango, madirisha na mabomba, hubaki kama 200. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Ukuta wa uchochoro si laini. Plasta yake ni ya kukwaruza, pengine haipo kabisa, hivyo ni salama kuhesabu mita 8. Rangi ya msingi ya mkono mmoja itakuwa lita 25, na rangi ya nje ya mikono miwili lita 50. Hizo ni ndoo mbili za msingi na ndoo tatu za rangi ya nje. Kwa Sh 70,000 na Sh 160,000 kila ndoo, jumla ni Sh 620,000. Makopo manane ya lita nne kwa ajili ya picha zenyewe, kila moja Sh 40,000, ni Sh 320,000.

Wengi huishia hapo na kudhani wamemaliza. Lakini mtaro lazima uzibuliwe na kufunikwa kwanza. Vibarua wanne kwa siku tatu, mifuko kumi ya saruji na mchanga wa kuziba nyufa hufikia Sh 480,000. Mafundi rangi wawili wa kukwangua, kupiga msasa na kupaka msingi kwa siku sita ni Sh 300,000. Wachoraji watatu kwa siku kumi, kila mmoja Sh 40,000 kwa siku, ni Sh 1,200,000. Brashi, rola na jukwaa la kukodi Sh 200,000. Taa tatu za jua Sh 180,000.

Jumla kuu ni Sh 3,300,000, ambazo zikigawanywa kwa maduka 12 ni Sh 275,000 kila duka.

Katika jumla hiyo rangi yote, ya msingi, ya nje na ya picha, ni Sh 940,000. Haifiki hata theluthi. Malipo ya watu yanazidi nusu kidogo. Kwa hiyo mfadhili anayejitokeza na kusema “rangi yote juu yetu” ametoa sehemu ndogo ya kazi, na si haki nembo yake ichukue sehemu kubwa ya ukuta. Mchoraji anayeombwa afanye kazi bure “kwa ajili ya kujitangaza” ndiye mfadhili mkubwa kuliko wote, ingawa jina lake huandikwa pembeni kwa herufi ndogo.

Kisha huja gharama ambayo haimo katika barua za kuomba ufadhili. Mfagiaji wa Sh 40,000 kwa mwezi ni Sh 480,000 kwa mwaka. Kupaka upya sehemu ya chini ya ukuta inayochafuliwa na matope, kuzibua mtaro kabla ya kila msimu wa mvua na kubadili betri za taa, kwa makisio ya chini, ni Sh 400,000 nyingine. Jumla Sh 880,000 kwa mwaka. Kabla ya mwaka wa nne kwisha, matunzo yatakuwa yamegharimu kiasi kile kile kilichotumika kuanzisha kazi yote. Anayechangisha fedha za rangi bila kuchangisha za ufagio amechangisha nusu.

Je, inalipa? Gharama ya mwanzo ikitandazwa kwa miaka minne na kuongezwa matunzo, kila duka linabeba kama Sh 142,000 kwa mwaka, karibu Sh 390 kwa siku. Duka lenye faida ya asilimia 10 linahitaji mauzo ya ziada ya Sh 3,900 kila siku ili kurudisha fedha hiyo. Kwa mgahawa, saluni au duka la vinywaji linaloweza kufungua mlango wa nyuma na kuweka meza nne, kiasi hicho si kikubwa. Kwa duka la vipuri vya pikipiki ambalo mteja wake huja akijua anachotaka, uchochoro mzuri hauleti kitu.

Ndiyo sababu michango ya aina hii huvunjika. Wenye maduka kumi na wawili hawapati faida sawa, na yule asiyechanga hawezi kuzuiwa kunufaika. Sita wakikataa, sita waliobaki watahitaji kupata Sh 780 kwa siku badala ya 390, na mmoja wao atajitoa pia. Njia inayoelekea kufanya kazi ni ile ya kuchanga kwa kadiri ya matumizi. Anayefungua mlango upande wa uchochoro alipe zaidi, na mwenye ukuta mtupu achangie ukuta wake tu.

Malang na Seoul

Mifano miwili ya Asia inaeleza pande mbili za hesabu hii.

Katika mji wa Malang, Indonesia, mtaa wa Jodipan ulikuwa makazi ya watu maskini kando ya mto Brantas, wenye uchafu na wenye tishio la kuvunjwa. Mwaka 2016 wanafunzi wa chuo kikuu mjini humo, wakiwa katika zoezi la masomo ya uhusiano na umma, waliishawishi kampuni ya rangi igharamie kupaka nyumba na vichochoro vyake rangi za kila aina. Watu wakaanza kuja kutazama. Wakazi wakaweka watu mlangoni na kutoza kiingilio kidogo, fedha inayobaki mtaani. Mpango wa kuvunja nyumba ukafifia, kwa kuwa si rahisi kubomoa mahali panapoingiza watalii. Kampuni ilipata tangazo, lakini nacho kiingilio kipo, kinakusanywa na wenye mtaa wenyewe, na ndicho kinacholipa ufagio.

Mtaa wa Ihwa mjini Seoul, Korea Kusini, ulikwenda kinyume. Mwaka 2006 mradi wa serikali ulipaka picha katika kuta na ngazi za mtaa huo wa mlimani. Ngazi zenye maua na samaki zikawa mashuhuri na wageni wakafurika. Walionufaika ni wenye migahawa. Wakazi wasio na biashara walibaki na kelele usiku, takataka milangoni na watu wakichungulia madirishani. Aprili 2016 baadhi yao walichukua rangi wakazifuta ngazi hizo. Watu hao hawakuchukia sanaa. Walikuwa wamelipa gharama kwa miaka kumi bila kupata gawio.

Tofauti ya miji hiyo miwili haiko katika ubora wa picha. Iko katika swali la fedha ya mgeni inaingia mfuko wa nani.

Karibu na nyumbani

Afrika Mashariki ina mifano yake. Mjini Kampala, mwaka 2012, kituo cha sanaa cha 32° East na washirika wake walitawanya makontena ya mizigo sehemu mbalimbali za mji na kuwapa wasanii wayageuze kazi za sanaa. Mwaka 2014 wasanii ishirini wakapewa bodaboda za kupamba, zikazunguka mjini. Kwa mfanyabiashara mbinu hii ina somo la gharama. Kazi inayohamishika haihitaji kibali cha mwenye ukuta, haiozi kwa unyevu wa ukuta wa mtu mwingine, na mkataba ukiisha huondolewa.

Kibera, Nairobi, kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa mwaka 2001 na vijana wawili waliokuwa wakichora vibao vya maduka. Walitoka kwenye vinyozi na mabucha wakafika kwenye maonyesho. Njia hiyo ya kutoka kwenye kibao hadi kwenye sanaa ndiyo iliyopitwa Dar es Salaam pia. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta, ile ile ya milango na baiskeli, kwenye mbao za dari, akiuza jirani na Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini kazi iliyoanza na kopo la rangi ya dukani imelisha familia nyingi hadi leo.

Zanzibar kuna mfano wa namna nyingine. Mwaka 1998 msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, aliweka Mkunazini sanamu za watumwa zikiwa ndani ya shimo, shingoni minyororo, jirani na kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa. Mahali hapo hulipiwa kiingilio. Kazi hiyo haipambi mahali bali inaeleza mahali, na mgeni yuko tayari kulipa zaidi kwa maelezo kuliko kwa mapambo.

Mikono iliyopo Mara

Si kweli kwamba Musoma haina wachoraji mpaka watoke Dar es Salaam. Boti na mitumbwi ya Ziwa Victoria huandikwa majina, misemo na mapambo na watu wa mwambao wenyewe. Kuna wachora vibao vya saluni, waandishi wa mabasi na mafundi wa bajaji. Mkono unaoweza kuandika jina kwenye ubao uliopinda wa mtumbwi, lisomeke kutoka majini, hautashindwa na ukuta ulionyooka. Kinachokosekana ni mtu wa kuwalipa kwa siku kumi mfululizo.

Wachoraji wa boti wanajua pia jambo ambalo mradi wa kuletwa hausomi kwenye kopo, nalo ni unyevu wa ziwa. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya plasta yenye unyevu hufunga maji ndani, ikatoka malengelenge na kubanduka kama ganda la yai. Rangi ya maji huruhusu ukuta upumue. Chumvi inayopanda kutoka kwenye msingi huharibu nusu mita ya chini kwanza, kwa hiyo busara ni kuipaka sehemu hiyo rangi moja ya kahawia au kijivu iliyo rahisi kurudiwa, na picha ianze juu yake. Usiku vijidudu vya ziwani huja kwa mawingu kufuata taa na kunasa kwenye rangi mbichi. Kazi ya jioni chini ya balbu basi ni kazi ya kurudiwa asubuhi.

Kundi la vijana wachoraji linaweza kufikiria mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haina riba, lakini ni mkopo. Kuutumia kupaka ukuta wa mtu asiyelipa ni kujitia kitanzi. Matumizi ya maana ni kununua jukwaa la chuma na vifaa vinavyoweza kukodishwa kwa mafundi wengine kazi ya picha ikiisha.

Bunda na Butiama si Musoma

Miji hii hutajwa pamoja, lakini soko lake la ukuta halifanani. Musoma iko pembeni ya barabara kuu. Anayefika amekusudia kufika, anakaa usiku mmoja au zaidi, na anatembea. Uchochoro unaotoka Mukendo kuelekea ziwani unaweza kumpata akiwa na muda na fedha ya samaki.

Bunda iko juu ya barabara kuu yenyewe, na hapo hapo inachepuka njia ya Kisorya kuelekea kivuko cha Ukerewe. Abiria ni wengi, lakini wanasubiri basi huku jicho liko kwenye mzigo. Geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kusini mwa mji, kando ya barabara ya Mwanza, na magari ya watalii hupita Bunda bila kupunguza mwendo. Picha iliyofichwa nyuma ya maduka haitawasimamisha. Bunda inafaa kuanza na vichochoro vifupi vinavyounganisha stendi na soko, mita kumi au kumi na tano, vyenye taa na benchi la kukalia. Abiria mwenye dakika ishirini akipata mahali safi pa kula mahindi atanunua mahindi. Hilo ndilo soko lake, na si dogo.

Butiama haina vichochoro vya kuzungumziwa. Ina Makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, ina kaburi lake pale Mwitongo, na kila tarehe 14 Oktoba jina lake hutajwa nchi nzima. Wageni wapo. Wakimaliza kutazama, hata hivyo, wengi hupanda gari na kuondoka kabla ya kula. Kishawishi kikubwa kitakuwa kuchora sura ya Mwalimu kwenye kila ukuta uliosimama. Sura hiyo imechorwa vya kutosha, na zingine hazifanani naye. Kijiji kingepata zaidi kwa kufuata mfano wa Mkunazini na kueleza mahali. Ubao wa bao wa saruji chini ya mti, kwa kuwa mchezo huo aliupenda, wenye nafasi ya wageni kukaa na kucheza, unaweza kumshika mgeni nusu saa. Mjini Musoma Shule ya Mwisenge, alikoanza masomo mwaka 1934, ipo bado. Safari kati ya shule hiyo na Butiama ndiyo inayoweza kuuzwa, na kuta za katikati ziwe alama zake.

Waliomo uchochoroni tayari

Kuna watu ambao hesabu ya wenye maduka huwasahau. Uchochoro haupo mtupu mchana. Yumo mama lishe na majiko yake mawili, fundi viatu, fundi cherehani aliyekodi nusu ya kibaraza, na kijana wa kuchaji simu. Oktoba 2021 mikoa ilipotekeleza agizo la kuwapanga upya machinga na kuwaondoa barabarani, wapo waliorudi nyuma ya maduka kwa kuwa ndipo mteja anaweza kufikiwa bila kukimbizwa. Bei ya sahani ya wali uchochoroni iko chini kwa sababu mahali penyewe pana pango dogo au hapana kabisa.

Uchochoro ukipendeza, pango linapanda. Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU kwa kiwango maalumu, haibadiliki kwa sababu ukuta umechorwa samaki. Kinachobadilika ni tamaa ya mwenye nyumba, na wa kwanza kuambiwa ahame ni mama lishe, ambaye harufu ya maharage yake ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu. Wakiondoka hao, uchochoro unabaki na picha bila biashara, na mlinzi wa bure wa mchana anakuwa ameondoka pia. Ni vigumu kuona faida ya mradi wa namna hiyo hata kwa mwenye duka.

Kwa hiyo maandishi yafanyike kabla ya ndoo kufunguliwa. Mwenye ukuta akubali kwa maandishi kwamba picha itakaa angalau miaka minne. Walio na vibanda waandikwe majina na pango lao lisiguswe kwa muda huo huo. Mfadhili apewe kipimo cha nembo kwa sentimita, si kwa hisani. Nembo ikizidi, picha inageuka bango, na mwaka 2017 ukusanyaji wa ada za mabango ulipelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa sababu serikali iliona zina fedha. Anayeacha nembo iongezeke bila kuuliza anaweza kuletewa ankara ya tangazo lisilo lake. Mchoraji naye abaki na haki yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwenye nyumba ana ukuta, hana picha, na kampuni ya kalenda ikitaka kuitumia izungumze na aliyeichora.

Barua ya halmashauri iombwe mapema, hasa kuhusu mtaro, kwa kuwa mtaro unaozibuliwa uchochoroni na kuachwa umeziba barabarani hurudisha maji yote ndani ya wiki moja. Kiangazi cha kupaka rangi Mara ni kati ya Juni na Septemba. Vuli ikianza Oktoba, plasta haikauki. Uchochoro ambao mtaro wake haujapita maji kufikia Agosti ni afadhali usubiri Juni inayofuata, na fedha ya rangi ikae benki.